Jiwe la Volkano, Karteri na Pompi: Desturi ya Mafundi wa Motokari za Zamani Mjini Goma

1. Utangulizi

Tunapozungumza juu ya desturi, mara nyingi tunafikiria ngoma, mahari, majina ya watoto na mashauri ya wazee kando ya moto. Hayo yote ni ya kweli na yanastahili kuandikwa. Sisi lakini tumechagua desturi ingine, yenye kunuka mafuta na mazuti: namna mafundi wa Goma wanavyobadilisha karteri na pompi ya mafuta kwenye motere za zamani. Msomaji atauliza: je, hiyo nayo ni desturi? Tunajibu ndiyo. Kitu chenye kuwa na kanuni, na wazee wa kukifundisha, na vijana wa kukipokea, na hasara kwa mwenye kukidharau, hicho ni desturi, hata kama kilikuja pamoja na motokari ya Muzungu.

Sisi ni mwalimu wa sekondari, hatuko fundi. Tunakaa Himbi, upande wa mji unaoelekea Sake, karibu na ziwa. Mambo haya tulijifunza kwa hasara ya jamaa yetu, kama tutakavyoeleza. Kanuni yenyewe ni fupi, na kila muzee wa garaje anaijua: karteri ikipasuka, usiifunge mbele ya kufungua pompi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wetu wanaongeza kwamba kuna ufa ambao ukiuziba peke yake, ukuta unaanguka vilevile.

2. Karteri na pompi ni nini?

Kwa msomaji asiyefungua kifuniko cha motokari hata siku moja, tueleze kidogo. Ndani ya motere kuna vyuma vinavyozunguka na kusuguana maelfu ya mara kwa dakika moja. Kati ya chuma na chuma inafaa kuwe utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukikosa, chuma kinapata moto, kinajikwaruza, kisha kinashikana na mwenzake. Hapo motere imekufa.

Mafuta hayo yanakaa chini kabisa, ndani ya karteri. Karteri ni beseni la chuma lililofungwa chini ya motere kwa buloni nyingi ndogo. Ndani ya mafuta kunazama chujio, ambalo mafundi wanaliita krepini. Juu ya krepini iko pompi. Pompi ya zamani ni kitu rahisi: gia mbili ndogo ndani ya nyumba ya chuma. Zinapozunguka, meno yao yanabeba mafuta pembeni, kati ya jino na ukuta, na kuyasukuma kupitia filtri mpaka kwenye vilebreke, ule muti mukubwa wa chuma wenye kupindapinda, na kwenye biele zinazoshika pistoni. Kati ya biele na vilebreke kunakaa kusine, vipande vyembamba vya madini laini. Mafuta yakikosa, kusine ndizo zinakufa kwanza.

Kwa hiyo karteri ni tumbo, na pompi ni moyo. Tumbo liko inje, kila mutu analiona. Moyo uko ndani.

3. Pompi ilitoka wapi?

Motokari za kwanza hazikuwa na pompi kama hii. Ford T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 mpaka 1927 na kuuzwa kwa mamilioni, haikuwa na pompi ya mafuta hata moja. Gurudumu zito la motere lilirusha mafuta juu, bomba jembamba likayapokea, yakateremka yenyewe. Biele nazo zilijichotea mafuta zikizunguka. Malori ya Chevrolet ya silinda sita, yaliyoanza 1929, yalikuwa na pompi, lakini hata miaka ya 1940 biele zake bado zilikuwa na vijiko vidogo vya kuchota mafuta kwenye vibirika vya chini.

Habari hii inatuhusu. Wakati wa Wabelgiji, motokari za Marekani zilifika Kongo kwa wingi. Ford yenyewe ilikuwa na kiwanda mjini Antwerpen, Ubelgiji, tangu 1922. Vijana wetu walioingia garaje wakati ule, kwanza kama waoshaji wa vyuma, walijifunzia kwenye motere za namna hiyo. Kwa motere yenye vijiko, karteri haikuwa beseni tu. Ikibonyea kidogo, vijiko vinagonga au vinakosa mafuta. Fundi aliyelelewa hapo hakuweza kuidharau karteri.

Kisha wakaja Wajapani. Motere ya kwanza ya Toyota, ile ya alama A ya mwaka wa 1935, iliigwa kutoka motere ya Chevrolet. Wazee waliokutana na Land Cruiser walikuta kitu chenye sura wanayoijua: silinda sita kwa mustari mumoja, muti wa kame pembeni, pompi chini ndani ya karteri. Land Cruiser ya namba 40 ilitengenezwa tangu 1960 mpaka 1984, na tangu 1975 ikapewa motere ya 2F, ya esanse, yenye lita 4,2. Hiyo ndiyo motokari ya zamani tutakayoizungumzia, juu ndiyo ilibeba watu na viazi kwenye milima yetu kwa miaka mingi.

4. Jiwe la Goma

Goma imejengwa juu ya jiwe. Nyiragongo, yenye urefu wa meta 3.470, ilitoa lava tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mara ya 2002 lava ilishuka mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata mji vipande viwili na kuingia ndani ya ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100.000 walibaki bila nyumba. Mwaka wa 2021 ilisimama Buhene, kwenye mulango wa mji, na watu wengi wakakimbia kuelekea Sake.

Himbi haikufikiwa na lava ya 2002. Lakini hata hapa, ukichimba choo unakutana na jiwe la volkano za zamani zaidi. Jiwe hili haliko kama kokoto za mutoni. Limejaa matundu, na kando zake zinakata sawa chupa iliyovunjika. Tunalijengea ukuta, tunalipanga kuwa lupango, na tunalikanyaga barabarani. Chukudu inapita juu yake bila hofu, kwa sababu chukudu haina karteri. Motokari nayo inabeba tumbo lake chini. Gurudumu likiingia shimoni, tumbo linakutana na jiwe.

Kwa miji mingine karteri inabadilishwa kwa sababu ya kutu au uzee. Kwetu inabadilishwa sana kwa sababu ya jiwe. Njo maana ufundi huu ulikomaa hapa, na njo maana tunauita wa kwetu.

5. Kisa cha mwaka wa 2002

Baba mudogo alikuwa na Land Cruiser ya namba 40, ile yenye sanduku la nyuma la kubebea muzigo. Alikuwa akileta viazi na haragi kutoka Masisi. Kwa motokari hiyo alilisha nyumba yake, na kwa motokari hiyo alikuwa ameahidi kutulipia masomo ya juu.

Siku ile ya Alhamisi, 17 Januari, tulikimbilia Gisenyi kama wengine. Tuliporudi, mitambo ilikuwa imeanza kusawazisha njia juu ya lava, na lava yenyewe bado ilikuwa ya moto chini. Baba mudogo alipita hapo akiwa na muzigo. Jiwe likagonga chini. Akasimama, akaona mafuta yanadondoka. Akafanya yale mashofere wote walijua: akasugua sabuni ya kufulia kwenye ufa mpaka mafuta yakapunguka. Sabuni inasaidia kufika karibu. Motere ikipata moto, inayeyuka.

Akafika kwenye garaje moja ya mjini. Watu walikuwa wengi, kila mutu na haraka yake. Walishusha karteri, wakapiga sudire kwenye ufa, wakairudisha, wakatia mafuta. Kazi ya nusu siku, na bei ilikuwa ndogo. Hakuna tone lililoanguka tena. Baba mudogo alifurahi.

Juma mbili zilipita. Manometri ya mafuta ilianza kushuka kila aliposukuma motere. Alifikiri manometri ndiyo imeharibika, juu chini ya motere palikuwa pakavu. Siku moja, akipanda kuelekea Mushaki, alisikia koto-koto-koto. Aliendelea, alitaka kufika juu. Hakufika. Motere ilishikana, na lori ikaivuta mpaka Himbi.

Pale Himbi kulikuwa muzee mumoja fundi, aliyefanyia kazi yake chini ya muti, ndani ya lupango ya mawe. Alilala chini, akafungua karteri, akaitazama muda murefu, kisha akatuita sisi vijana.

“Mutoto, ona,” akasema. “Sudire iko muzuri, sina neno. Lakini weye ungekunywa namna gani kama mutu anakukandamiza kinywa kwa meza?”

Tukaona. Jiwe halikupasua tu; lilibonyeza karteri kwa ndani. Bonde la inje lilikuwa kilima cha ndani, na kilima hicho kilikuwa kimeigusa krepini na karibu kuifunga. Motere ikienda polepole, mafuta kidogo yalipita. Ikiombwa nguvu, ilikauka. Tena ndani ya krepini kulikuwa vipunje vya sudire na muchanga mweusi wa lava. Alipofungua pompi, kifuniko chake kilikuwa na mistari mirefu kama imechorwa kwa musumari.

“Batu banafunga fasi banaona damu,” muzee akasema. “Ile yenye kuua iko ndani.”

Kusine zote zilikuwa zimeisha, na vilebreke ilikuwa imekwaruzika. Karteri na pompi zingebadilishwa siku ya kwanza, gharama ingekuwa ndogo kuliko muzigo mumoja wa viazi. Sasa ilihitajika motere nzima. Feza ya masomo yetu iliingia humo. Tulikaa mwaka muzima bila kuingia shule ya ualimu, na mwaka huo tuliutumia kwa muzee yule, tukiosha buloni. Yafuatayo tuliyaona kwa macho.

6. Namna wazee walifanya

Kwanza, kumwaga mafuta motere ikiwa na moto kidogo, ili uchafu utoke pamoja nayo. Motere ya 2F inabeba karibu lita 8, kwa hiyo chombo kiwe kikubwa. Motokari inasimama kwenye fasi iliyo sawa, juu ya magogo au mawe yaliyopangwa. Kriki peke yake haikubaliwi. Muzee alisema kriki inainua, hailindi.

Pili, kusoma mafuta. Hapo ndipo fundi anajulikana. Mafuta yanachujwa kwa kitambaa, na sumaku inapitishwa. Vipunje vinavyoshikwa na sumaku ni chuma cha gia au vilebreke. Vipunje vyenye kungaa kama feza, visivyoshikwa, vinaweza kutoka kwenye kusine au pistoni. Rangi ya shaba inaonyesha kwamba kusine zimekulwa mpaka chini. Mafuta yakiwa kama maziwa, maji yameingia. Muzee hakuruhusu mutu kumwaga mafuta mbele hayajasomwa.

Tatu, kushusha karteri. Buloni zinalegezwa zote kidogo kidogo, mbili za mwisho zinabaki kuishika. Karteri ikigoma kutoka, inagongwa kwa kipande cha muti pembeni. Mwenye kuingiza turnevisi kati ya karteri na motere aliambiwa aache chombo chini na kwenda kuchota maji, kwa sababu ubao ule ukikwaruzwa hautaziba tena.

Ine, kufungua pompi, hata kama inaonekana nzima. Gia zinaoshwa kwa mazuti. Nafasi kati ya meno na ukuta inapimwa kwa vipimo vyembamba vya chuma. Vikikosa, karatasi ya daftari ilitumika: ikipita moja kwa shida, pompi bado kijana, zikipita mbili au tatu, imezeeka. Kifuniko chenye mistari kidogo kinasuguliwa kwenye karatasi ya msasa iliyotandikwa juu ya kioo, mpaka kiwe sawa. Kilichochimbika sana kinatupwa. Klape ndogo yenye risasi ya chuma na chemchemi inaangaliwa nayo, juu ikikwama wazi, mafuta yanarudi chini bila kufanya kazi.

Tano, kupima nafasi ya krepini na karteri. Kwa karteri iliyonyooshwa kwa nyundo, muzee aliweka donge la udongo laini chini ya krepini, akafunga karteri kwa buloni ine, akaifungua tena na kutazama unene wa udongo uliobaki. Udongo ukiwa mwembamba, nyundo inarudi kazini. Hiki ndicho kipimo ambacho garaje ile ya kwanza ilikikosa. Hakidai hata franka moja.

Sita, kujaza pompi mafuta mbele ya kuifunga. Pompi kavu inanyonya hewa, na kwa dakika hizo za kwanza motere inazunguka bila kinga. Tena kwa motere ambamo pompi na delko vinashikana, ncha yao inafaa kuingia fasi yake, ikilazimishwa, inavunjika.

Saba, kufunga. Ubao wa karteri unanyooshwa kuzunguka kila tundu. Karatasi ya kuziba, ile mafundi wanaita “joint”, kama haikupatikana dukani ilikatwa kwenye kartoni ngumu na kulowekwa mafuta. Buloni zinakazwa toka katikati kwenda pembeni, mara mbili au tatu, bila hasira. Buloni ya karteri ni ndogo. Mwenye mukono mzito anaikata.

Nane, kuamsha. Buji zinatolewa, demareri inazungushwa mpaka manometri inyanyuke. Ikishanyanyuka, buji zinarudi na moto unawashwa. Isiponyanyuka, hakuna ruhusa ya kuwasha, hata mwenye motokari akilalamika namna gani.

7. Garaje kama shule

Tukiwa mwalimu leo, tunaona kwamba muzee yule alikuwa na programu ya masomo bila kuiandika. Mwanafunzi alianza kwa kuosha buloni na kuzipanga kwenye kopo, kila moja na fasi yake. Kisha alishika taa. Kisha alisoma mafuta, akasema anachoona, na muzee akamusahihisha mbele ya wengine. Pompi aliigusa mwisho, pengine mwaka wa pili.

Majina yalikuwa ya Kifaransa yaliyoingia Kiswahili: karteri, krepini, kusine, vilebreke. Wengi hawakujua kuyaandika, lakini walijua kila moja linaumwa na nini. Watu wengine wanacheka Kiswahili cha garaje. Sisi tunaona kwamba bila hicho, kanuni hizi zisingepita kutoka muzee mpaka kijana.

Hatusemi kwamba wazee hawakukosea. Kulikuwa waliotia mafuta yaliyokwisha kutumika ili wapate faida, na waliofunga sahani nzito ya chuma chini ya karteri ili kuilinda, lakini bila tundu la hewa, motere ikapata moto kupita kiasi. Desturi yoyote inahitaji kuchujwa, kama vile mafuta.

8. Leo na kesho

Motokari nyingi za leo zina pompi mbele ya motere, iliyofungwa moja kwa moja kwenye vilebreke, na karteri ya alumini inayozibwa kwa dawa badala ya karatasi. Jiwe likiipiga alumini, haibonyei, inapasuka. Udongo wa muzee pengine hautatumika kwa namna ile ile, lakini swali linabaki: kilichogonga inje kimefanya nini ndani? Hata pikipiki inabeba mafuta yake chini.

Shule za ufundi ziko, kama ITIG na kituo cha Don Bosco Ngangi, na tunazishukuru. Ila kitabu kilichoandikwa Ulaya hakina sura juu ya lava. Wazee wenye kuijua sura hiyo wanapunguka. Muzee wetu alifariki, na wengine vita vimewatawanya, zamani na hata baada ya Januari 2025. Hawakuacha daftari.

Kwa hiyo tunatoa mashauri mawili. Kwanza, kila shule ya ufundi ya Goma ialike fundi muzee hata mara moja kwa mwaka, afungue motere ya zamani mbele ya wanafunzi, na mwanafunzi mumoja aandike kila neno. Pili, mwenye motokari asikubali kulipa mbele ya kuuliza swali moja tu: “Fundi, pompi mumeifungua?”

Baba mudogo aliuza ile Land Cruiser ikiwa na motere ingine. Alinunua ndogo zaidi, akaendelea na viazi, na mwaka uliofuata akatulipia masomo kama alivyoahidi. Karteri ya zamani, yenye sudire yake nzuri, aliigeuza kuwa chombo cha kunyweshea kuku. Kila tulipomutembelea alituonyesha bonde lile kwa kidole, na hakusema neno.